Mnara umekuruhusu kuingia, lakini nani amekuona? Uzi wa kuruka kwa macho kati ya Wilson na JKIA

#1. Mleta uzi

Wanajamvi, hamjambo.

Jana jioni tulipokuwa tukifunga ndege kamba uwanja wa Wilson, Nairobi, mwanafunzi wangu wa urubani aliniuliza: "Mwalimu, mnara wa waongozaji ndege ukishanipa kibali cha kuingia kwenye anga yao, si wao ndio wananitenga na ndege zingine?" Nilimjibu kwa maneno machache, kisha nikapanda gari. Nilipofika Lang'ata nikaona nimemdhulumu. Swali lile halijibiwi huku mtu akitafuta funguo mfukoni. Kwa hiyo naandika hapa, kwa ajili yake, kwa wenzake wanaojifunza, na kwa majirani wanaosikia injini juu ya paa wakajiuliza nani anasimamia huko juu.

Jibu linategemea daraja la anga uliyomo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeigawa anga kwa herufi kuanzia A hadi G. Katika A huruhusiwi kabisa kuruka kwa macho, yaani rubani kujiongoza kwa kutazama nje, VFR kama tunavyosema uwanjani. Katika B, waongozaji wanaitenga kila ndege na kila ndege. Ukifika C mambo yanabadilika: wewe wa VFR unatengwa na ndege zinazoruka kwa vyombo, zile za IFR, lakini kati yako na VFR mwenzako unapewa taarifa tu. Na katika D, hata ile ndege kubwa ya IFR inayokuja nyuma yako, unachopewa juu yake ni taarifa. Unaambiwa iko wapi, inaelekea wapi, iko futi ngapi. Kuikwepa ni kazi yako. E, F na G nitaziacha, maana si za jirani wa mnara.

Sasa angalieni hapo kwenye D. Bado unahitaji kibali ili kuingia. Bado unatakiwa uwe na redio, usikilize, utii njia na kimo ulichopewa. Ndiyo maana wanafunzi wanachanganyikiwa. Mtu amekuongoza, amekutaja jina, amekuambia pita hapa. Unaamini amekushika mkono. Lakini polisi wa trafiki akikupungia pale raundabauti ya Nyayo uingie, je, unafumba macho kwa sababu amekupungia? Bado unatazama bodaboda anayekuja ubavuni.

Niwaeleze lililonipata mimi. Nilikuwa mwanafunzi, nina saa 41 za kuruka daftarini, narudi peke yangu kutoka kusini. Mnara ukaniambia kuna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, mbele yangu kushoto kidogo, inakuja kutua, nikiiona niseme. Nikatazama, nikaona kitu cheupe kinang'aa. Nikabonyeza redio nikasema nimeiona. Nikaambiwa niifuate, mimi ni wa pili. Kile kitu cheupe kilikuwa bati jipya la nyumba upande wa Rongai, likipigwa na jua la saa tisa. Caravan yenyewe nilikuja kuiona ikikata mbele yangu kutoka kushoto kwenda kulia, karibu kiasi kwamba niliona masizi meusi yaliyoganda ubavuni chini ya bomba la moshi. Nilisukuma usukani, nikashuka, nikaisikia kamba ya mkoba ikinipiga shavuni. Yule rubani nadhani hakuniona hata baada ya kupita.

Mwongozaji hakukosea. Aliniuliza kama nimeona, nikamwambia nimeona. Kuanzia neno lile, mzigo ulikuwa wangu.

Na wote hapa tunakumbuka tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa ikielekea Diani na Cessna 172 ya mafunzo zilipogongana angani juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Dash 8 ilirudi Wilson salama na watu wake 44. Waliokuwa ndani ya Cessna, mwalimu na mwanafunzi, walifariki. Sitajadili nani alikosea. Nataka tu muelewe kwamba nyuma ya habari ile kuna kanuni, na kanuni zinasomeka.

#2. Mkaazi wa South C

Ndugu, asante, lakini umenitia baridi. Kumbe kuna ndege juu ya nyumba zetu ambazo hakuna mtu anayezitenga? Nina watoto. Kwa nini zisipigwe marufuku kuruka kwa macho karibu na mji? JKIA, ule uwanja mkubwa wa kimataifa, iko pale, Wilson hapa, na kambi ya jeshi Eastleigh. Au kuna mtu anayefaidika?

#3. Mleta uzi

Dada au kaka wa South C, hofu yako naiheshimu. Mimi pia nina watoto chini ya njia hiyohiyo.

Kwanza jiografia, maana umeitaja vizuri. Kutoka Wilson hadi JKIA ni kama kilomita 12, na hadi Eastleigh kama 7. Ndege inayotua JKIA kwa njia ya kurukia ya 06 huja juu ya mbuga kutoka kusini-magharibi. Ndege inayoondoka Wilson kwa njia ya kurukia ya 14 huelekea juu ya mbuga ileile. Ndiyo maana ukiondoka Wilson hupandi unavyotaka: unapewa kimo usichokipita mpaka uambiwe. Mbuga inaonekana tupu kutoka barabarani. Angani ni makutano.

Pili, kuruka kwa macho si kuruka ovyo. Ndani ya anga inayoongozwa, chini ya futi 10,000, ICAO wanataka uone mbele angalau kilomita 5, uwe mita 1,500 kutoka kwenye wingu kwa upande, na futi 1,000 kutoka kwenye wingu kwa juu au chini. Ukipanda kufika futi 10,000 na zaidi, uonekano unatakiwa uwe kilomita 8. Na katika eneo la udhibiti la uwanja, dari ya mawingu ikiwa chini ya futi 1,500 au uonekano wa ardhini chini ya kilomita 5, huruki wala hutui kwa VFR bila kibali cha pekee. Juu ya nyumba zenu hatutakiwi kuwa chini ya futi 1,000 kutoka kwenye kizuizi kirefu zaidi kilicho ndani ya mita 600, isipokuwa tunapopaa na kutua.

Kwa nini kilomita 5? Hesabu hii huwa naifanya ubaoni kila darasa. Cessna inakwenda noti 90, yaani maili 90 za baharini kwa saa. Ndege ya abiria inayokaribia inakwenda, tuseme, noti 200. Zikielekeana, zinakaribiana kwa karibu mita 150 kila sekunde. Kilomita 5 zinakwisha kwa sekunde 33. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, huhesabu sekunde 12.5 tangu jicho ligundue kitu hadi ndege ianze kweli kugeuka: kuona, kutambua kuwa ni ndege, kung'amua kuwa mtagongana, kuamua, kusogeza mkono, kisha ndege yenyewe kuitikia. Unabaki na sekunde 20, na hapo ni kama uliiona mara tu ilipoonekana.

Sasa njoo Julai hapa Nairobi, saa moja asubuhi, wingu zito limelala na manyunyu yanaanguka. Watu wanasimama nje ya hanga, wanatazama kaskazini, wanaona majengo ya Upper Hill, wanasema kumekucha, twende. Upper Hill haifiki kilomita 3 kutoka Wilson! Kuyaona majengo yale hakukuambii kwamba una kilomita 5. Mimi nageukia magharibi kutafuta vilima vya Ngong, vilivyo kama kilomita 20. Nikiviona hadi migongo yake, naanza kuongea na mwanafunzi. Nisipoviona nasubiri taarifa ya hali ya hewa kutoka mnara na tunakunywa chai.

Kuhusu marufuku: Wilson ipo tangu 1929. Madaktari wa AMREF huondokea hapo, watalii wa Mara huondokea hapo, na marubani wa ndege kubwa mnazopanda kwenda Mombasa wengi walianza kwa ndege ndogo kama hizo. Huwezi kumfundisha mtu kurusha ndege akiwa amefumbwa macho kwanza. Kinachofaa kudaiwa ni kanuni zifuatwe hadi mwisho.

#4. Mwanafunzi wa urubani

Mwalimu, nadhani huyo wa kamba ni mimi. Nashukuru kwa kunijibu kwa marefu.

Nina mambo mawili. Hiyo VFR ya kibali cha pekee, naweza kuiomba asubuhi kama hizo za Julai? Na la pili ndilo linanisumbua usiku: nikiambiwa kuna ndege na sijaiona, na mnara una haraka, na nyuma yangu kuna watu watatu kwenye redio wanaongea haraka kuliko mimi, naona aibu kusema sijaiona. Wenzangu pia. Tunasema "tunatafuta" halafu tunatumaini.

#5. Mleta uzi

Kijana wangu, ni wewe. Hili la pili ndilo hasa nilitaka tulifikie.

La kwanza nilimalize haraka. VFR maalumu ipo, ni ndani ya eneo la udhibiti tu, na hutolewa hali ya ndege zingine ikiruhusu. Katika taratibu za ICAO uonekano wa ardhini unaweza kushuka hadi mita 1,500. Unaiomba wewe, usingoje mtu akupe. Na kwa saa ulizo nazo usiiombe kwa ajili ya kuondoka. Itunze kwa siku ambayo wingu limekushukia ukiwa njiani kurudi nyumbani. Mita 1,500 kwa noti 90 ni nusu dakika.

Sasa aibu.

Tarehe 25 Septemba 1978, San Diego, Marekani. Boeing 727 ya abiria inakuja kutua, mchana, anga safi. Wanaambiwa kuna Cessna mbele yao. Marubani wanasema wameiona, wanaambiwa wajitenge nayo kwa macho. Kisha wanaipoteza. Wanaulizana ndani ya chumba chao kama bado ipo, wanafikia kudhani imeshapita. Hawamwambii mwongozaji waziwazi kwamba hawaioni tena. Ilikuwa mbele yao, chini kidogo. Watu 144 walikufa, pamoja na waliokuwa ardhini. Hao hawakuwa wanafunzi wenye saa 41.

Tarehe 29 Januari 2025, Washington, usiku. Helikopta ya jeshi inafuata mto Potomac, ndege ya abiria inakuja kutua. Mnara unawauliza wa helikopta kama wanaiona ndege ile. Wanasema wanaiona, wanaomba wajitenge nayo wenyewe kwa macho, wanakubaliwa. Watu 67.

Mimi nilisema nimeona, kumbe ni bati. Mwelekeo ulilingana na maneno ya mnara, na nilitamani sana kuwa nimeona. Jicho linalotamani hupata.

Ndiyo maana nakufundisha kwamba "nimeiona" lina masharti. Uitambue aina yake: ni Caravan au ni Dash 8, bawa juu au chini. Uone inaelekea wapi. Uone inasogea kwenye kioo. Ile isiyosogea kwenye kioo, inayokaa palepale na kukua, ndiyo inayokuja kwako, na ndiyo ngumu kuliko zote kuiona, kwa sababu jicho hushika kinachotembea. Doa la mdudu kwenye kioo linafanana nayo kabisa. Unadhani ni kwa nini nakufutisha kioo kila asubuhi kwa kitambaa laini kabla hatujagusa injini? Ukiona doa, sogeza kichwa. Doa litahama juu ya mandhari, ndege haitahama hivyo.

Tena Cessna yetu bawa lake liko juu. Ukigeuka, bawa linashuka upande ule unaogeukia na kukuziba macho palepale unapokwenda. Liinue kwanza, tazama, ndipo ugeuke.

Usipoiona, sema hujaiona. Neno moja. Ukiwa uliiona ikapotea, sema umeipoteza, sekunde ileile.

#6. Mwongozaji mstaafu

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Nilikaa mnarani miaka mingi, sitataja wapi. Mleta uzi amesema kweli, ila kuna mahali amewaachia wasomaji picha nusu.

Kwanza, msidhani mwongozaji akitoa taarifa badala ya kutenga amekaa tu. Sisi nasi tuna macho na rada, na tukiona mnakwenda pabaya tunasema, hata kama daraja la anga halitulazimishi. Lakini tunafanya kazi kwa sauti moja kwenye masafa moja. Wakati nasikiliza mwanafunzi akijikwaa, ndege nne haziwezi kunifikia. Kwa hiyo msaada mkubwa unaoweza kunipa ni kurudia kibali chako kikamilifu kwa mara moja: njia ya kurukia, kimo, mwelekeo, namba ya transponda (kile chombo kinachoitambulisha ndege yako kwa rada), kipimo cha hewa cha altimeta, yaani saa ya kimo. Usiniambie tu kwamba umesikia. Nikikuambia usiivuke njia ya kurukia nawe ukajibu "sawa", mimi bado sijui ulichosikia, na nitalazimika kukuuliza tena.

Pili, altimeta. Ukikosea hektopaskali 10 umekosea kama futi 300. Unadhani uko chini ya njia ya wanaotua JKIA, kumbe umepanda hadi kwao. Watu wengi huweka kipimo wakati wa kuondoka na kukisahau hadi wanaporudi saa mbili baadaye.

Tatu, transponda iwekwe itoe na kimo chako, isiwe imewashwa tu. Ile mitambo ya kuzuia kugongana ndani ya ndege kubwa husikiliza transponda yako. Cerritos, California, Agosti 1986: ndege ndogo aina ya Piper iliingia bila kibali katika anga inayoongozwa, transponda yake haitoi kimo, ikagongana na DC-9. Watu 82. Baada ya hapo ndipo Marekani ikashurutisha mitambo hiyo kwenye ndege za abiria.

Na kijana, redio ikifa, weka 7600 kwenye transponda, namba ya kusema redio imekufa, na utazame taa ya mnara. Mwanga wa kijani usiokatika ukiwa angani, umeruhusiwa kutua. Mwekundu usiokatika, mpishe mwenzako uendelee kuzunguka. Kijani kinachomweka, rudi utue, ila ungoje kile kisichokatika. Mwekundu unaomweka, uwanja si salama, usitue. Nimewahi kummulikia mtu kijani hadi mkono ukachoka, naye hajainua macho kutoka kwenye vyombo vyake.

La aibu nalimaliza hivi: katika miaka yangu yote sikumkasirikia rubani aliyesema hajaona. Nilimgeuza, nikampandisha, nikampa mzunguko mmoja. Kazi yangu ilikuwa hiyo.

#7. Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Hapo kwenye rada na macho umenisahihisha na nakubali. Niliandika kana kwamba mnara unamwachia mtu tu, na si haki kwenu.

Naongeza kimoja kwenye kuzunguka. Kijana, ukiambiwa uzunguke juu ya alama fulani ungoje, zunguka ukiinamisha bawa kwa wastani na uendelee kutazama nje. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Mchana wenye nyuzi 27 injini yako inaona hewa nyepesi kama ya futi zaidi ya 8,000. Ukibana mzunguko huku shingo imegeuka kutafuta ndege, mwendo utashuka bila wewe kujua. Nguvu kwanza, kisha bawa, kisha macho nje.

#8. Mkaazi wa South C

Nimesoma yote mara mbili. Leo ilipita moja juu ya duka nikatoka nje kuitazama ina bawa juu au chini. Juu. Endeleeni.

#9. Mwanafunzi wa urubani

Shikamoo mzee wa mnara. Mwalimu, nimerudi kutoa ripoti.

Leo nilikuwa peke yangu, narudi kutoka kusini, kioo nilikifuta mwenyewe. Nikaambiwa kuna Caravan kulia kwangu, futi 500 chini, inaelekea kutua, niseme nikiiona. Nikatazama. Nikaona kitu cheupe juu ya mbuga. Nikasogeza kichwa, nikatazama tena, hakikuwa na bawa. Nadhani lilikuwa gari la watalii.

Nikasema sijaiona. Sauti ilitetemeka, najua mlioko kwenye masafa mliisikia. Mwongozaji akaniambia nizunguke kushoto palepale nibaki kwenye kimo changu. Hakuna aliyecheka. Nikainua bawa, nikatazama, nikageuka. Mzunguko wa pili, nikiwa nimeelekea Ngong, ikapita chini yangu kutoka kulia, bawa juu, tumbo la mizigo, taa ya kutua imewashwa. Haikuwa mahali nilipokuwa nikiitafuta hata kidogo.

Nikabonyeza nikasema nimeiona, nikaitaja aina yake. Nikawa wa pili kutua.